Mama Mwenye Debe Kando ya Garimoshi

Swalehe Nasibu alionyesha sinema vijijini kwa miaka kumi na miwili, na katika mikanda yote aliyoipitisha kwenye mashine yake, alioupenda kwa dhati ulikuwa mmoja tu. Haukuwa na sauti, haukuwa na jina, wala haukufika dakika kumi. Ulikuwa mkanda wa magarimoshi ya zamani ya Uingereza.

Kazi yenyewe aliipata mwaka 1974, akiwa na miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Chiwata, fundi redio aliyejifundisha mwenyewe kwa kufungua na kufunga redio za watu. Serikali ilikuwa na landrova iliyozunguka Masasi na Newala ikiwa na jenereta, projekta na shuka kubwa jeupe. Dereva wake aliitwa Charles, mtu mzima asiyependa maneno, aliyeliosha gari kila siku hata wakati maji ya kunywa hayapatikani. Swalehe alikuwa opereta. Mikanda waliyopewa ilifundisha namna ya kuchimba choo, namna ya kupanda mikorosho kwa mistari, namna ya kumwogesha mtoto mchanga. Watu walikuja kwa mamia, wakakaa chini, wakavitazama vyoo kwa adabu, kisha wakarudi makwao.

Mkanda wa magarimoshi aliuokota ghalani Mtwara, ndani ya kopo la bati lililoshika kutu, lisilo na karatasi juu yake. Alipoujaribu ukutani aliona kichwa kidogo cha treni chenye bomba la moshi refu kama mchi uliosimamishwa kinuni. Wanaume wenye kofia ndefu nyeusi walikipita wakitembea upesi upesi, kama siafu waliotibuliwa. Baada ya hapo vikaja vichwa vikubwa zaidi, magurudumu yanayompita mtu kimo, vyuma virefu vikienda mbele na kurudi nyuma kama viwiko vya mtu anayekanda unga. Mbwa mwenye mkia mweupe alikatiza njia. Mwishoni garimoshi moja lilisimama kituoni, likashushiwa bomba kutoka juu, likanyweshwa maji.

Swalehe aliutazama mara tatu mfululizo, na mara ya tatu alikuwa amesimama. Baba yake, Mzee Nasibu, alikuwa kibarua wa reli enzi za Mwingereza, reli ile iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea na kuchepusha tawi lake hadi Masasi. Siku moja alimchukua Swalehe, mtoto wa miaka kumi, akampeleka Masasi kuona kazi ya mikono yake. Kichwa cha treni kilikuwa kimesimama kituoni, na mtoto akalishika paja la babake kwa mikono miwili. Kile chuma kilikuwa kinapumua. Kilinuka mafuta ya moto na moshi, na kilipotoa mvuke, joto lake lilimpanda miguuni akajiona kama amekojoa, akajitazama, akakuta yu mkavu. Haukupita muda, uhuru ukaja, na reli ikaonekana haina faida. Vibarua wakaitwa tena, safari hii kuing'oa. Mzee Nasibu alienda, maana alikuwa na watoto wa kulisha.

"Aliyeitandika ndiye aliyeing'oa," alikuwa akisema kila jambo hilo lilipotajwa, na haongezi neno.

Vichwa vile vya Masasi navyo vilitoka Uingereza. Swalehe hakukiona chake ndani ya mkanda, ila kusimama kule, kupumua kule, kulikuwa kule kule. Akaliweka kopo kwenye sanduku lake la vifaa, na kuanzia siku hiyo kila walipomaliza vyoo na mikorosho, aliwaongezea watu magarimoshi. Charles hakuuliza.

Mwezi wa Julai mwaka huohuo walipanda Kitangari kwa mara ya kwanza.

Kitangari iko juu, kwenye upepo, na maji yake wakati ule yalikuwa chini bondeni. Mwanamke aliamka alfajiri, akateremka na debe kichwani, akangoja zamu yake kisimani, akapanda mlima na debe limejaa. Akifika nyumbani jua limeshakuwa kali, na maji yale yanawaogesha watoto, yanapika, na yanayobaki yanafunikwa kama dhahabu. Mtu aliyemwaga maji aliulizwa kama ana akili.

Shuka lilifungwa kwenye milingoti ya goli la mpira. Baada ya magharibi watu walijaa hadi waliokosa nafasi mbele wakaenda kukaa nyuma ya shuka, wakatazama kutoka upande wa pili, maana mwanga ulipenya kitambaa na picha ilionekana kotekote. Vyoo vikapita. Mikorosho ikapita. Magarimoshi yalipoanza, uwanja ukanyamaza.

Halafu ikaja sehemu ya maji. Bomba, nene kama paja la mtu, likashushwa juu ya garimoshi. Maji yakaingia. Yakajaa. Yakafurika, yakaanza kuteremka ubavuni mwa chuma na kumwagika juu ya mawe, na Mzungu mmoja aliyesimama juu ya garimoshi amekunja mikono, anatazama pembeni.

Uwanja mzima uliguna. Kisha wanawake wakaanza kupiga kelele.

"Kingeni! Jamani, kingeni!"

Wakati huohuo gurudumu linalopokea mkanda lililegea, na mkanda ukaanza kumwagikia mchangani. Swalehe akainama, akalizungusha gurudumu kwa kidole, macho yake yote kwenye mashine. Alisikia kicheko kikubwa kikipanda na vumbi likitimka. Alidhani wanacheka maji. Alipoinua kichwa, picha ilikuwa imekwisha na shuka liko jeupe.

"Rudia! Rudia!" watu wakadai. Akaurudisha nyuma, akaurudia.

Walipokuwa wanakunja vitu, msichana mrefu alitoka upande wa nyuma wa shuka. Alikuwa amejifunga kanga mbili na hakuonyesha haya ya kumsogelea mtu wa serikali.

"Habari za kazi, kaka."

"Nzuri, dada. Umeipenda sinema?"

"Yule mama mwenye debe umempeleka wapi?"

Swalehe alimtazama. "Mama gani?"

"Aliyekuja kukinga maji. Mara ya kwanza alikuwepo. Amekuja na debe lake, amepiga magoti pale chini, kando ya garimoshi, amekinga. Mara ya pili hayupo. Umemkata."

"Dada, kule ni Ulaya. Nani akinge maji kwa debe?"

"Nimemwona kwa macho yangu haya mawili."

"Basi ulisinzia."

"Mimi?" Msichana alicheka, akaonyesha uwanja uliokuwa bado unavuma. "Kwa kelele hizi?"

Jina lake lilikuwa Stamili. Kiangazi kile landrova ilipanda Kitangari mara tatu zaidi, kila mara kwa ombi la opereta. Mara ya tatu Charles, akiwa ameshika usukani, alivunja ukimya wake wa wiki nzima. "Hivi Kitangari kuna vyoo vingapi ambavyo bado havijachimbwa?" Swalehe akaangalia nje dirishani. Mwaka 1976 posa ilipelekwa, ikapokelewa, na Stamili akateremka kwenda kuishi Masasi.

Tangu hapo, sinema ikionyeshwa karibu, alikaa mbele, kwenye kigoda karibu na mashine, mahali pa mke wa opereta. Kila mkanda wa magarimoshi ulipofika kwenye maji alisogea mbele kidogo, akatazama, akaegemea tena. "Bado hujamrudisha," alimwambia mumewe. Swalehe alicheka. Wakawa nao utani huo kama watu wengine walivyo na kuku au mbuzi wa kufugwa nyumbani. Wageni wakija, Stamili aliwaambia, "Huyu mnayemwona mpole alimkata mama wa watu." Mtoto wao wa pekee, Faidha, alizaliwa baada ya kumngoja miaka minane, na alipoanza kuelewa maneno alisimuliwa na mama yake habari za mama mwenye debe: alivyoteremka behewa la nyuma, alivyowaamkia Wazungu wasimwitikie, alivyokinga maji yake, akapanda tena, akashuka Kitangari.

Kisha ikatokea siku ya wageni. Faidha alikuwa na miaka miwili. Swalehe alikuwa ameambiwa kwamba landrova haitatengenezwa tena na kazi inakwisha, na wala hakuwa amemwambia mkewe. Jamaa zake walikuja kutoka Chiwata, wakala, na Stamili akaanza kusimulia. Alipofika kwenye debe, Swalehe alisema, "Acha uongo, Stamili."

Hakupaza sauti. Lakini hakucheka.

Stamili akaitika, "Haya," akaondoa vyombo. Hakununa, hakulala na njaa, hakumnyima salamu ya asubuhi. Ila hakuisimulia tena habari ile mbele ya watu, na Swalehe alikuwa na mambo mengi kichwani, hakuligundua hilo mpaka miaka ilipokuwa imepita na kuliuliza kungekuwa kulifukua.

Alifungua kibanda cha ufundi redio sokoni Masasi. Redio zikaja, zikafuata kaseti, zikafuata televisheni, na mwishoni simu, ambazo hakuzipenda kwa sababu matumbo yake hayaonyeshi kitu. Siku moja alipanda basi hadi Mtwara kulitafuta lile kopo, alilolirudisha ghalani kazi ilipokwisha. Kijana mmoja alimjibu kwa heshima kwamba mikanda ya zamani yote ilitupwa shimoni na kuchomwa, hakuna hata aliyeihesabu. Swalehe alirudi nyumbani, akakaa barazani na kofia mkononi. Stamili alimletea uji.

"Wamelichoma?"

"Wamelichoma."

Alikaa kando yake. Akasema polepole, "Basi na yeye kaenda." Swalehe alijua anamsema nani, na alitamani mkewe aongeze jambo, amshutumu, amwambie ndiye aliyemkata. Hakuongeza.

Stamili alifariki mwaka 2021, kwa presha, baada ya kulala wiki tatu upande wake wa kulia umekufa ganzi. Waliishi pamoja miaka arobaini na mitano.

Swalehe hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alifungua kibanda siku ya nane. Lakini nyumba ilikuwa imebadilika sauti. Picha za marehemu alikuwa nazo, na kwenye simu ya Faidha kulikuwa na sauti yake ikiulizia bei ya dagaa. Alichokitamani hakikuwa kwenye picha wala kwenye simu. Alitamani kuulizwa lile swali la mama mwenye debe. Alikuwa akifunga kibanda jioni, akitembea kuelekea nyumbani, na karibu na mlango miguu yake ilipunguza mwendo yenyewe, kama inayempa mtu wa ndani nafasi ya kusema.

Faidha alikuwa mwalimu wa hisabati huko Chidya, na Jumamosi nyingi alikuja Masasi kumfulia baba yake na kumgombeza kuhusu chumvi. Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka wa pili baada ya msiba, alikuja na kompyuta yake ya mkononi.

"Shikamoo, Baba. Kaa hapa. Nimepata kitu."

"Marahaba. Kitu gani?"

"Uingereza kuna watu wanatunza mikanda ya zamani. Wameiweka kwenye mtandao, kila mtu aone. Nikaandika tu, magarimoshi. Tazama."

Bomba refu likatokea. Moshi mweusi ukapanda. Swalehe alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hawakula mpaka alasiri.

Mikanda ilikuwa mingi mno. Mengine yalikuwa magarimoshi ya mbio, mengine ya mizigo, mengine madogo ya kuvuta makaa. Mengine yalipigwa picha na mtu aliyesimama darajani, mengine na mtu aliyekaa mbele kabisa ya kichwa cha treni, njia ikimezwa chini ya miguu yake. Faidha alimpakulia mikanda kwenye simu, na kila wiki akamwongezea. Swalehe aliitazama kibandani, redio za watu zikiwa zimelala matumbo wazi. Wateja walidhani mzee amepata cha kumfariji, wakamwachia. Kwa kweli wiki ya kwanza alifarijika. Aliona mvuke na akasikia joto la utotoni likimpanda miguuni.

Kuanzia wiki ya pili hakuwa anatazama magarimoshi tena. Alikuwa anatazama chini ya mabomba. Kila treni iliposimama kunyweshwa, alisimamisha picha, akaikuza kwa vidole viwili, akapekua mawe, vivuli, miguu ya watu. Alijua ni upuuzi. Aliendelea.

Mwisho wa Julai aliuona. Kwanza ni yule mbwa. Mkia mweupe, njia ya reli, na mtu aliyegeuka kumtazama. Simu ikamponyoka, ikadondoka juu ya meza. Ulikuwa mkanda wake, na ulikuwa mzima kuliko wake: mwanzoni palikuwa na watoto ukingoni mwa reli ambao kopo lake halikuwa nao, na mwishoni treni iliondoka hadi ikapotea, wakati wa kwake ulikatikia kituoni. Akaingojea sehemu ya maji. Bomba likashuka. Maji yakafurika. Mzungu akakunja mikono. Maji yakamwagika, yakamwagika, na juu ya mawe yale hapakuwa na mtu.

Aliurudia mara sita. Alijisikia kama aliyesafiri siku nzima kwenda kwa mtu, akabisha hodi, akaambiwa alihama zamani.

Faidha alipokuja alimkuta hajafungua kibanda. Swalehe akamweleza yote, mengine binti alikuwa anayajua, na lile la siku ya wageni hakuwa analijua.

"Nilifikiri labda alikuwemo kweli," Swalehe alisema. "Labda kopo letu lilikatwa kabla halijanifikia. Nilitaka awemo."

"Mama alikuwa na miaka kumi na tisa, Baba. Hajawahi kuona sinema. Labda…"

"Usimalizie. Hilo nilimwambia mimi miaka yote." Akaivua miwani. "Alikaa nyuma. Siku ile alikaa nyuma ya shuka. Mimi katika maisha yangu yote sijawahi kukaa nyuma."

Jumamosi iliyofuata Faidha alikuja na projekta ndogo aliyoiazima kazini, isiyozidi tofali kwa ukubwa. Baba yake aliipindua pindua, akatafuta pa kutia mkanda, akatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi huo. Walifunga shuka uani, kati ya nguzo ya jiko na mti wa mpera. Magharibi ilipopita na kiza kikashika, Swalehe alichukua kigoda akaenda nyuma ya shuka, upande wa jikoni. Faidha akabaki mbele na mashine.

Kutoka nyuma kila kitu kilikuwa kilekile na si kilekile. Treni iliyozoea kwenda kulia ilikwenda kushoto. Picha ilikuwa na ukungu kidogo, laini, na mwanga wa projekta ulionekana katikati kama mwezi nyuma ya wingu. Mbwa akapita. Bomba likaanza kushuka. Upepo ukavuta pembe ya shuka, kamba ikafunguka, picha ikakunjamana.

"Ngoja nifunge," Faidha akasema, na akasogea.

Kivuli kikaangukia shuka. Kilianza kikubwa, kikafunika injini yote, na kadiri Faidha alivyolikaribia shuka kikawa kinapungua, kinapungua, mpaka kikawa kimo cha mtu. Mwanamke mweusi, mwenye kanga kichwani, akawa amesimama juu ya mawe ya kituo cha Uingereza, kando ya garimoshi, na maji yanamwagika mbele yake.

"Simama hapo hapo!"

Faidha akaganda. "Kuna nini? Nyoka?"

"Simama! Usitoke. Hapana, toka. Kalete debe."

"Debe? Baba, madebe yalikwisha lini?"

"Ndoo! Chochote. Irudishe picha kwenye maji, kisha njoo na ndoo."

Alimsikia akihangaika, akasikia mlio wa mpini wa ndoo ya plastiki. Bomba likashuka upya. Maji yakajaa, yakafurika. Kivuli kikaja, kikubwa kisha kidogo, na ndoo kichwani.

"Piga magoti," Swalehe akasema. "Itue. Kinga."

Faidha akapiga magoti, akaitua ndoo, akaishika kwa mikono miwili. Na mama mwenye debe akakinga maji ya Wazungu, yakimwagika moja kwa moja ndani ya chombo chake, na yule mwanamume juu amekunja mikono, hajui.

Shuka likawa jeupe. Faidha alizunguka nyuma akamkuta ameweka viganja vyote viwili usoni. Akachuchumaa mbele yake.

"Alikuwa mtu," Swalehe akasema. "Mtu wa Kitangari. Mama fulani aliinuka na debe lake, akaenda mbele ya shuka kukinga, kwa utani au kwa uchungu, mimi sijui, na watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye mashine. Waliokaa mbele walimwona jirani yao. Mama yako aliona kivuli chake upande wa pili, hajui kivuli ni nini kwenye sinema. Kwake alikuwa ndani." Akapangusa macho kwa kofia. "Alisema kweli. Hakuongeza hata tone."

"Sasa umejua, Baba."

"Nimejua. Nimwambie nani?"

Faidha alimshika goti. "Alishasahau. Alikuwa hana kinyongo, unamjua."

"Hakusahau. Mtu aliyesahau angeendelea kusimulia."

Jumatatu alipanda basi la Newala, akashuka Kitangari. Aliyemfuata alikuwa dada mkubwa wa marehemu, Pili, ambaye wote walimwita Mama Ashiru. Swalehe alikuwa hajafika kwake tangu kabla ya msiba. Alimkuta kwenye mkeka, amenyoosha miguu iliyovimba, ungo wa mbaazi mapajani. Upepo wa kipupwe ulikuwa mkali, na amejifunika shuka mabegani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Baba Faidha." Alimtazama sana. "Umekonda. Karibu, kaa upande wa jua."

Mjukuu mmoja alileta maji, Swalehe akanywa, akauliza hali za wote, akaulizwa hali za wote. Kisha akasimulia: kopo, mbwa, shuka, ndoo ya plastiki. Mama Ashiru alisikiliza huku anachambua, anatupa vijiwe na mbaazi zilizotobolewa. Habari ilipofika kwenye kivuli mkono wake ulisimama.

"Nimekuja kuuliza alikuwa nani," Swalehe akamaliza. "Wewe ulikuwepo. Utakuwa unamkumbuka."

"Sikuwepo. Ashiru alikuwa na siku tano, nilikuwa ndani. Nilisikia kelele tu, nikasema huko uwanjani pameingia chui."

"Hukusikia watu wakimtaja kesho yake?"

"Nilisikia kucheka." Akafikiri. "Angeweza kuwa mke wa Mzee Anthony mfinyanzi, yule alikuwa na vituko. Angeweza kuwa mama yetu mwenyewe. Siku akiwa na furaha alikuwa hana mpaka. Wanawake wote wa Kitangari walikuwa na debe, Baba Faidha. Utamtambua yupi? Na wote wako chini."

Swalehe akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ametegemea jina, na njia nzima alikuwa amelitengenezea nafasi mdomoni. Akainua miwani, akairudisha.

"Basi," akasema, "nashukuru. Kuna basi la saa nane."

"Kaa chini."

Alikuwa ameshainuka nusu. Akakaa.

"Miaka miwili hukuja," Mama Ashiru akasema. "Unakuja leo, unaniuliza habari za mke wa mfinyanzi. Mimi mdogo wangu sikumzika. Miguu hii ilininyima. Niliambiwa kwa simu, na simu yenyewe ilikuwa inakatika. Wiki tatu alilala, sijui alisema nini, sijui alikula nini. Faidha nikimuuliza analia. Wewe ndiye ulikuwa naye. Nieleze."

Swalehe alitazama ungo. Hakuna aliyewahi kumwambia aeleze. Watu walimwambia apige moyo konde, wakamwambia kazi ya Mungu haina makosa, nao walisema vyema. Alianza vibaya, kutoka katikati, na daktari. Mama Ashiru akasema, "Siyo daktari. Yeye."

Basi akamweleza kwamba mkono wa kulia ulipokufa, Stamili alikataa kulishwa, akajaribu kula kwa mkono wa kushoto, ugali ukamwagika kifuani, akacheka akasema uzee umemrudisha kuwa mtoto asiyefunzwa. Kwamba siku ya nne alikubali, na Swalehe akawa anamfinyangia matonge madogo, na yeye analalamika ni madogo mno, anamwona kifaranga. Kwamba alitaka dirisha lifunguliwe hata kwenye baridi. Kwamba alimuulizia Pili, mara mbili kwa siku, akiuliza miguu ya dada inapakwa nini.

"Alisema hivyo?"

"Alisema mafuta ya mnyonyo. Nikasahau kukuletea ujumbe. Nisamehe."

Mama Ashiru alifuta macho kwa pembe ya shuka, akatazama miguu yake. "Mnyonyo," akasema. "Miaka yote alikuwa haachani na mnyonyo wake." Kisha akauvuta ungo, akausukuma nusu upande wa shemeji yake, ili naye achambue. "Endelea. Dirisha lilikuwa linaangalia wapi?"

Swalehe akachukua mbaazi kiganjani. Lilikuwa linaangalia uani, akamwambia, kwenye mti wa mpera, na mwaka ule ulikuwa umezaa sana.